Mpangaji Anayetaka Kutoka Kabla ya Muda Wake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Katika darasa zetu za baina ya Magharibi na Isha limeletwa suali ambalo twaona halimhusu aliyeuliza peke yake, bali lawahusu wengi katika miji yetu ya pwani, wapangaji na wenye nyumba pia. Kwa hivyo tumependa kulijibu hapa kwa urefu kidogo, ili kila mwenye kuingia katika jambo hili aingie na ujuzi. Suali lenyewe ni hili:

Mtu amepanga fleti Mombasa kwa mkataba wa miaka miwili. Kodi ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na dipositi aliyoweka ni shilingi 50,000. Amekaa miezi 14, kisha kazi yake ikahamishiwa Kisumu. Mkataba hausemi lolote juu ya kutoka mapema. Mwenye nyumba ni mama mjane, na kodi hiyo ndiyo chakula chake na cha wanawe. Mpangaji ataka kurudisha funguo mwisho wa mwezi na kuiacha dipositi iwe ndiyo malipo ya mwisho. Mama naye asema alipwe miezi 10 yote iliyobaki, yaani shilingi 250,000, ama waonane mahakamani. Ni yupi mwenye haki?

Jawabu yetu kwa ufupi ni kuwa kila mmoja ana haki, na kila mmoja ametaka zaidi ya haki yake. Mpangaji hana ruhusa ya kuufungua peke yake mkataba alioufunga na mwenziwe. Na mwenye nyumba hana ruhusa ya kuifanya dhiki ya mpangaji kuwa mlango wa kujipatia asichokistahiki. Baina ya hayo mawili iko njia ambayo dini yetu imeifungua na imeisifu, nayo ndiyo tutakayoieleza.

Ijara ni nini

Wanavyuoni wameieleza ijara kuwa ni kuuza manufaa ya kitu bila ya kukiuza kitu chenyewe. Kuta, dari na milango ni milki ya mwenye nyumba, nazo zabaki kuwa milki yake. Alichokinunua mpangaji ni makazi, tena makazi ya muda unaojulikana kwa kodi inayojulikana. Ndiyo maana fiqhi ya ijara yafanana sana na fiqhi ya biashara. Aliyenunua gunia la mchele akala nusu yake hawezi kumrudia mwenye duka akamwambia, "Nimepata safari, chukua nusu iliyobaki unipe pesa zangu." Hatakikana kuona ajabu akijibiwa kuwa biashara imekwisha.

Tena kutimiza mapatano si jambo la adabu tu. Mwenyezi Mungu ameufungua mwanzo wa Suratul Maida kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba yao, na katika Suratul Israa ametujulisha kuwa ahadi itaulizwa. Na katika Suratul Qasas, aya ya 27 na ya 28, ametusimulia khabari ya Nabii Musa (a.s.) alipokuwa Madyan. Mzee wa pale alitaka kumwoza mmoja wa binti zake kwa sharti amtumikie miaka minane, na akitimiza kumi, hiyo miwili iwe ni hisani yake mwenyewe. Musa akakubali, akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa ndiye shahidi wa maneno yao. Tutazame mafunzo yaliyomo. Muda ulitajwa wazi, na cha lazima kikapambanuliwa na cha hisani kabla ya kazi kuanza. Mapatano ya namna hii ndiyo yanayowalinda watu na ugomvi.

Hukumu yake katika madhehebu

Mikataba katika fiqhi ni ya namna mbili. Iko ambayo kila mmoja aweza kuiwacha atakapo, kama vile uwakala. Na iko ambayo ikishafungwa haifunguliwi na mmoja bila ya ridhaa ya mwenziwe, kama biashara. Ijara ni katika hii ya pili.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi jambo hili limekazwa sana. Imam Nawawi katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho kinajulikana sana na wanafunzi wa dini wa pwani hii, ametaja kuwa ijara haivunjiki kwa udhuru unaomfika mtu mwenyewe. Na katika mifano yake imo safari, na kukosa kuni kwa aliyekodi hamamu, na maradhi ya aliyekodi mnyama wa kusafiria. Waona, ndugu msomaji, kuwa safari ya muulizaji wetu yaingia katika mifano hiyo khasa. Nyumba ni nzima, mlango wazi, maji yatoka. Kilichobadilika ni hali ya mpangaji, si hali ya nyumba.

Huenda msomaji akaona kuwa hukumu hii ni nzito. Lakini aitazame na upande wake wa pili. Kufuli ile ile inayomzuia mpangaji asitoke ndiyo inayomzuia mwenye nyumba asimtoe. Lau ingekuwa ijara yavunjika kila mmoja apatapo udhuru, basi mwenye nyumba naye, siku atakapomwona mtu wa kumpa shilingi 35,000, angesema, "Nami nimepata udhuru, mwanangu ataka kuoa, nipishe." Ni wapangaji wangapi ambao wangeamka wamo barabarani na watoto wao? Aliyefunga mkataba wa miaka miwili amenunua utulivu wa miaka miwili, na utulivu huo una thamani yake.

Ama wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa wao wamefungua mlango wa udhuru. Kwao, mtu aliyekodi duka ili afanye biashara kisha mali yake yote ikapotea aweza kuvunja ijara, kwa sababu kumlazimisha kuendelea ni kumtia katika madhara ambayo hakuyafungia mkataba. Hata hivyo, wao nao hawakuuacha mlango huo wazi kwa kila mwenye kuchoka na nyumba.

Twataja khitilafu hii ili ijulikane kuwa dini haikuisahau dhiki ya mtu, wala si ili kila mmoja achukue kauli inayompendeza. Si vyema mpangaji awe Shafi wakati wa kutaka asitolewe, na awe Hanafi wakati wa kutaka kutoka. Na wala hahitaji kufanya hivyo, maana milango ya halali iko ambayo madhehebu zote zaikubali.

Milango ya kutokea

Mlango wa kwanza ni aibu ya nyumba. Nyumba ikibomoka, ijara ya siku zilizobaki yaondoka yenyewe, na kodi yalipwa ya siku zilizokwisha kukaliwa tu. Na ikizuka aibu inayopunguza manufaa, kama vile maji kukatika kabisa, au dari kuvuja mvua ya masika hata chumba hakilaliki, na mwenye nyumba asiitengeneze kwa haraka, mpangaji ana khiyari ya kuvunja. Sheria ya nchi nayo yakaribiana na haya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yamlazimu mwenye nyumba aliyekodisha sehemu tu ya jengo kutengeneza sakafu la juu, kuta kuu na mifereji mikuu ya maji machafu. Na nyumba ikiharibiwa na moto au mafuriko bila ya kosa la mpangaji, kodi yake, yote au sehemu yake kwa kadiri ya uharibifu, yasimama mpaka ikalike tena. Miezi 6 ikipita haijatengenezwa, mpangaji aweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi 1 ya maandishi.

Lakini mlango huu ni wa mwenye aibu ya kweli. Mtu asikae miezi 14 na ufa mdogo ukutani bila ya kuutaja, kisha siku apatapo uhamisho auone ufa umekuwa shimo.

Mlango wa pili ni sharti lililomo ndani ya mkataba. Mingi katika mikataba ya siku hizi ina kifungu kinachosema kuwa kila upande waweza kuuvunja kwa notisi ya mwezi 1 au miezi 2. Ikiwa kimo, basi hapana ugomvi; Waislamu hufuata masharti yao maadamu hayahalalishi haramu wala hayaharimishi halali. Ajabu ni kuwa watu wengi hawajui kama kifungu hicho kimo au hakimo, kwa sababu karatasi iliandikwa kwa Kiingereza, wakatia saini huku wakitazama rangi ya kuta. Basi jambo la kwanza kwa anayetaka kutoka ni kuutoa mkataba kabatini na kusomewa na ajuaye.

Mlango wa tatu ni wa yule ambaye hana muda maalumu. Wazee wetu katika nyumba za Kiswahili walipanga vyumba kwa mwezi, na kila mwezi ni mkataba wake. Hali hiyo hata leo iko, nayo sheria yaitambua: ikiwa muda haukutajwa wala namna ya kutoa notisi haikutajwa, na kodi hulipwa kwa mwezi, basi notisi isipungue mwezi 1, na imalizikie siku ya kulipa kodi. Na aliyemaliza mkataba wake wa mwaka akaendelea kukaa, na mwenye nyumba akaendelea kupokea kodi miezi 2, huwa ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Lakini mtu asidanganyike akadhani kuwa mapatano ya mdomo si mapatano. Sheria hiyo hiyo yaruhusu ijara ya miaka 2 au chini yake ifungwe kwa mdomo; na kwa Mwenyezi Mungu neno la mtu ni neno lake, limeandikwa au halikuandikwa.

Mlango wa nne ni mtu wa badala. Katika madhehebu yetu, aliyenunua manufaa aweza kuyatumia mwenyewe au kumpa mwengine mfano wake ayatumie, kwa sharti asiwe na madhara zaidi kuliko yeye. Aliyekodi kwa makazi hamtii fundi wa kuchomelea vyuma. Sheria ya nchi yataka mpangaji apate kwanza idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, na yamkataza mwenye nyumba kuizuia idhini hiyo bila ya sababu ya maana. Basi mtu asimpe ndugu yake funguo kimya kimya akasafiri. Amlete mtu, amjulishe, idhini iandikwe, kisha ndipo atoke.

Mlango wa tano, nao ndio mpana kuliko yote, ni iqala.

Fadhila ya iqala

Iqala ni wawili waliofungana mkataba wakubali kwa hiari yao kuufungua. Mtume wetu (s.a.w.) ametubashiria, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Ibnu Majah kutoka kwa Abu Hureira (r.a.), kuwa mwenye kumfungulia Muislamu mwenziwe mapatano yao, Mwenyezi Mungu atamsamehe kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Wanavyuoni wameitaja hadithi hii katika biashara, na ijara nayo ni biashara ya manufaa.

Tutazame hekima ya jambo hili. Sharia haikumvunjia mwenye nyumba haki yake kwa kumhurumia mpangaji. Lau ingefanya hivyo, hapana mtu ambaye angeliamini mkataba. Haki imebaki mkononi mwa mwenyewe, kisha akaambiwa: ukiiwacha kwa huruma, malipo yako yako kwa Mola wako. Kwa hivyo mpangaji aendaye kuomba iqala yapasa aende kama mwombaji, si kama mdai; na mwenye nyumba aombwaye ajue kuwa anafunguliwa mlango wa kheri nyumbani kwake.

Hapa pana jambo la kutahadhari. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wahesabu iqala kuwa ni kuuvunja mkataba, kwa hivyo yataka iwe bila ya kuzidisha wala kupunguza katika thamani iliyofungiwa. Mwenye nyumba asiseme, "Nipe shilingi 100,000 nikupe ruhusa," ikawa ameifanya ruhusa ni bidhaa. Njia iliyo salama ni kupatana tarehe. Waseme kuwa mkataba utaendelea miezi 2 mbele, mpangaji atalipa kodi yake ya miezi hiyo kama kawaida kwa kuwa nyumba bado ni yake, na mwisho wa mwezi wa pili mkataba utakuwa umefunguka. Hivyo mwenye nyumba amepata nafasi ya kutafuta mtu, na mpangaji hakulipa senti moja isiyokuwa na manufaa mbele yake.

Suali letu kwa hisabu

Sasa turudi kwa muulizaji. Imebaki miezi 10, na haki ya mama yule kwa asili yake ni kodi ya miezi hiyo, maadamu nyumba iko wazi kwa mpangaji na funguo ni zake. Kwa hivyo mpangaji amekosa kudhani kuwa shilingi 50,000 za dipositi zamtoa katika jambo hili apende mama asipende. Dipositi haikuwekwa iwe kodi. Imewekwa kuwa ni dhamana ya kioo kitakachovunjika, na mfereji utakaoharibika, na deni la maji na umeme. Akiila kabla ya kutoka, amemwondolea mwenziwe dhamana yake bila ya idhini.

Ama mama, naye ajue kuwa kodi ni thamani ya makazi. Akipokea funguo, akamtia mtu mwengine mwezi wa tatu, hawezi tena kumdai wa kwanza miezi iliyobaki. Makazi ni mamoja; hayauzwi mara mbili kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Kuchukua kodi ya aliyehama na ya aliyehamia ni kula mali ya mtu kwa batili. Na mahakama nazo zina kanuni ya kwamba mwenye kupata khasara kwa kuvunjiwa mkataba yampasa ajitahidi kuipunguza, si kuketi akaihesabu ikizidi.

Basi mbele yao pana njia mbili.

Njia ya kwanza ni iqala kwa tarehe. Mpangaji atoe barua leo, akae au asikae alipe miezi 2, ambayo ni shilingi 50,000, na mkataba ufunguke. Nyumba ikaguliwe wakiwapo wote wawili. Ikiwa hapana kilichoharibika na hapana deni, dipositi yake ya shilingi 50,000 arudishiwe. Miezi 8 inayobaki mama amesamehe, na malipo yake tumekwisha kuyataja.

Njia ya pili, ikiwa mama hawezi kusamehe kwa kuwa nyumba hiyo ndiyo riziki yake, ni mtu wa badala. Mpangaji alete watu, na mama achague anayemridhia. Tuseme aliyepatikana baada ya miezi 2 atoa shilingi 23,000 tu. Tafauti ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miezi 8 ni shilingi 16,000. Hiyo ndiyo khasara ya kweli, na mpangaji ndiye wa kuibeba, kwa sababu mkataba wake bado wasimama na yeye ndiye aliyetaka kuondoka. Mama hakupungukiwa na kitu, na mpangaji ameondoka na heshima yake.

Waona, ndugu msomaji, umbali ulioko baina ya shilingi 250,000 na shilingi 16,000. Tafauti hiyo yote haikuwa haki ya mtu. Ilikuwa ni hasira.

Mambo yanayowaharibia watu dini yao

Kwa upande wa wapangaji, baya kuliko yote ni kuhama usiku. Mtu apakia vyombo vyake kwenye mkokoteni watu wamelala, abadilisha namba ya simu, na nyuma aacha deni la maji na umeme. Huyu asidhani kuwa ameokoka. Kodi ni deni, na deni halifi kwa kuhama mtaa. Lamfuata mtu mpaka kaburini kwake, na warithi wake walazimika kulilipa katika mali aliyoiacha kabla ya kugawana. Aliyeshindwa kweli akaseme kuwa ameshindwa. Katika Suratul Bakara, aya ya 280, Mwenyezi Mungu ameamrisha mdaiwa mwenye dhiki angojewe mpaka apate, na akasema kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Lakini atangojewa vipi mtu asiyeonekana?

Jengine ni kuchelewesha khabari. Mtu ajua tangu mwezi wa tatu kuwa atahamishwa, naye asema siku ambayo lori liko mlangoni. Notisi ni haki ya mwenye nyumba, na katika uungwana ni kusema mara tu ujuapo.

Kwa upande wa wenye nyumba, baya kuliko yote ni kuila dipositi. Mpangaji akitoka, ghafula rangi imechakaa, kitasa kimelegea, na hisabu ya fundi yatokea sawasawa na dipositi, isizidi wala isipungue. Kuchakaa kwa kawaida si kosa la mtu. Rangi huzeeka kama sisi tunavyozeeka. Kinachokatwa ni alichokiharibu kwa uzembe au kwa kuvuka mpaka, tena kwa gharama yake ya kweli na risiti yake.

Na wako ambao, wakisikia kuwa mpangaji ataka kutoka, huanza kumkatia maji au kumtilia kufuli ili alipe. Hili halijuzu. Maadamu analipa kodi na kutimiza masharti, sheria yampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu bila ya kusumbuliwa, na Mtume wetu (s.a.w.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara.

Wakishindwa kuelewana

Waislamu wengi hudhani kuwa ugomvi wa kodi waweza kupelekwa kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeyaweka mamlaka ya Makadhi katika mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Ugomvi wa ijara hupelekwa katika mahakama za kawaida. Kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi liko baraza maalumu chini ya sheria ya kuzuia kodi ya mwaka 1959, lakini fleti nyingi za leo zimekipita kiasi hicho. Ama maduka na mahoteli yana sheria yake mbali, ya mwaka 1965, na hayo si maudhui yetu.

Hata hivyo, Katiba hiyo hiyo katika kifungu cha 159 yahimiza suluhu na upatanishi. Kwa hivyo si udhaifu, wala si kukwepa sheria, wawili hawa wakichukua mtu wa huku na mtu wa huku, watu wazima wenye kujua hisabu na kumcha Mungu, wakakaa baada ya sala wakapatana. Yatakayopatanwa na yaandikwe, yatiwe saini na mashahidi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani imekuja kutufunza kuandika madeni; basi haifai kwetu kuona haya tukisema, "Sheikh, na tuandike."

Kabla ya kutia saini

Maradhi haya kinga yake ni nyepesi kuliko dawa yake. Twawausia ndugu zetu wanaotaka kupanga wahakikishe mambo haya kabla ya kutoa shilingi ya kwanza:

Kwanza, mkataba usomwe wote, na asiyejua Kiingereza afasiriwe neno kwa neno na mtu asiyekuwa ajenti wa mwenye nyumba.

Pili, kiwemo kifungu cha kutoka mapema: notisi ni ya muda gani, na itolewe kwa maandishi kwa nani. Ambaye kazi yake ni ya kuhamishwa, kama mwalimu, askari au karani wa benki, asitie saini bila ya kifungu hiki.

Tatu, iandikwe dipositi ni kiasi gani, ni dhamana ya nini, na itarudishwa baada ya siku ngapi.

Nne, siku ya kuingia nyumba itembelewe na wote wawili, na kila aibu iliyoko iandikwe na ipigwe picha, ili siku ya kutoka mtu asilipishwe ufa alioukuta.

Tano, iandikwe kama mtu wa badala anakubaliwa, na kwa masharti gani.

Na wenye nyumba nao twawaambia: msikichukie kifungu cha kutoka. Mpangaji aliyefungiwa mlango hutafuta dirisha, na atokaye dirishani haagi wala halipi. Aliyepewa mlango hukuambia mapema, hukuachia nyumba safi, na huenda yeye mwenyewe akakuletea atakayemfuatia.

Hii ndiyo jawabu yetu kwa muulizaji. Twamsihi aandike barua yake leo, kabla ya mwezi kuisha, aende nayo mwenyewe kwa mama yule wala asiitume kwa mtu, amweleze hali yake na amletee njia mbili tulizozitaja. Na twamsihi mama asiikatae kabla ya kuisikia. Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote kutimiza ahadi zetu, na kuwafungulia wenzetu pale tunapoweza.

Wallahu aalam. Wabillahi taufiq.